Kasha Lenye Pindo

Bi Pindo hakukusudia kusema uongo siku ile. Ulimtoka tu kama chafya, na chafya ikishatoka hairudi puani.

Lakini tuanze na makasha, maana bila hayo uongo wenyewe hautaeleweka. Sebuleni kwake, kando ya ukuta, kulikuwa na makasha matano ya mbao, na kila moja lilikuwa na mwenyewe. Mumewe, aliyekuwa seremala mpaka siku aliyolala asiamke, alijiwekea desturi: mjukuu aking'oka jino la kwanza, anatengenezewa kasha. Tena si kasha la kukisia. Mzee alimpima mtoto kutoka unyayoni hadi gotini, akalipa kasha kimo hichohicho, ili mwenyewe akilikalia nyayo zikanyage sakafu barabara. Siku ya kulikabidhi, mtoto aliketi juu yake mbele ya ukoo mzima, mzee akapiga magoti, akatia karatasi chini ya nyayo na kuivuta. Karatasi ikigoma kutoka, kasha ni lako, hongera. Ikitoka, kasha lilipinduliwa likapigwa randa chini mpaka karatasi igome. Humo ndani mtoto aliweka alichotaka, na hakuna mtu mzima aliyeruhusiwa kufungua, hata pale kasha moja lilipoanza kutoa harufu ya samaki.

Wajukuu walikuwa sita. Wa sita, binti wa miaka sita, alizaliwa mzee akiwa ameshatimiza miezi miwili kaburini. Walimwita Kwanini, kwa sababu hilo ndilo neno alilolijua kabla ya maziwa. Kwa nini kuku hana meno, kwa nini baba ana kitambi, kwa nini mgeni huyu haondoki. Kila Jumapili familia ilipokusanyika kwa bibi, wenzake watano walivuta makasha yao wakakaa, naye akaletewa ndoo ya bluu kutoka bafuni, ikapinduliwa, akaikalia.

Jumapili moja akauliza, "Kwa nini mimi nakalia ndoo?"

Mama yake akaangalia dari. Baba yake, ambaye ndiye mwana wa mwisho wa Bi Pindo, akapatwa na kikohozi cha ghafla. Ndipo binamu mmoja wa miaka kumi na minne, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, akajibu, "Kwa sababu babu alikufa hata hakujui."

Kwanini hakuuliza kwa nini. Aliangalia ndoo yake katikati ya magoti, akaanza kuikwangua kwa ukucha, na Bi Pindo akasikia maumivu ya kweli kifuani, ya kushika kwa mkono.

"Muongo huyo," akasema. "Lako lipo."

"Liko wapi?"

"Chini ya kitanda changu. Babu yako alikuachia. Halijaunganishwa tu."

"Nani ataliunganisha?"

Angekuwa na akili zake timamu angemtaja Msumari, seremala wa nyumba ya tatu. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Mimi."

Sasa, kusema haki, uongo ule ulikuwa nusu. Chini ya kitanda kulikuwa na mbao sita za mtiki. Mzee alizinunua siku aliyoambiwa kwamba mke wa kitinda mimba wao amepata ujauzito, akazilaza pale zikauke taratibu, akafa kabla hazijakauka. Kwa miaka saba Bi Pindo alikuwa akizifagilia vumbi bila kuzitoa. Kwa hiyo mbao zilikuwepo. Ambacho hakikuwepo ni seremala, kwa maana Bi Pindo alikuwa fundi cherehani, na katika miaka sabini na moja ya maisha yake hakuwahi kukata kitu kigumu kuliko turubai.

Jina lenyewe la Bi Pindo lilitokana na kazi hiyo. Hakuwahi kushona nguo ya mtoto bila kuacha pindo la vidole vinne kwa ndani. "Nguo ya mtoto haishonewi leo," alizoea kusema, "inashonewa mwakani." Kuna sketi yake ya shule iliyovaliwa na dada watatu mfululizo, kila mmoja akifumua kidogo, na ilipostaafu bado ilikuwa na pindo la kumtosha wa nne. Wateja walimcheka, lakini wote walirudi.

Ila kwa upande wake mwenyewe hakuacha pindo hata kidogo. Tangu mzee aondoke, aliishi kama msafiri aliyekwisha funga mizigo. Cherehani alishasema ni ya nani, masufuria ni ya nani, hata kanga alizozikunja sandukuni zilikuwa na majina. Mwanawe alimbembeleza mwaka wa tatu sasa waende hospitali akapimwe macho, naye jibu lake lilikuwa lilelile: "Gauni likichakaa halitiwi zipu mpya." Alivaa miwani ya marehemu, ambayo ilikuwa ya macho mengine kabisa, mkono mmoja wa miwani hiyo umefungwa kwa uzi. Ukimwambia "tutaonana mwezi ujao," alikujibu, "Kama nipo."

Basi huyu ndiye aliyeahidi kasha.

*

Msumari alifika kesho yake asubuhi akiwa na randa kwapani na furaha tele. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye upara unaong'aa, na useremala alifundishwa na marehemu mwenyewe. Bi Pindo alimwita mwanangu, naye alimwita mama.

"Mama, nimesikia. Nipe siku mbili tu. Nitalitengeneza kama la mzee, hata yeye akifufuka asijue."

"Hapana."

"Mama?"

"Nimemwambia mtoto nitaliunganisha mimi. Ukiligusa wewe, litakuwa kasha la fundi. Na kitu cha fundi, si hata yule mwenye mdomo anacho, kitanda chake?" Alikuwa akimsema Redio, ambaye kitanda chake kilitoka kwa Msumari. "La babu limetoka mkononi mwa babu. La kwangu litoke mkononi mwangu. Wewe utaruhusiwa kusema. Mdomo ruhusa, mkono marufuku."

"Mama, hujawahi kushika msumeno."

"Na wewe siku unazaliwa ulikuwa umeushika?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Meza ya kazi ya marehemu, iliyokuwa imegeuzwa pa kuanikia sahani, ikaondolewa sahani. Mbao sita zikatolewa chini ya kitanda zikiwa kavu, nzito, rangi ya asali iliyokaa. Bi Pindo alizipapasa kama anavyopapasa kitambaa dukani, akazigonga kwa kidole, akazinusa. Kisha akavaa miwani ya mumewe na kuanza.

Wiki ile ya kwanza ilimtesa Msumari kuliko ugonjwa. Alikaa kwenye kigoda, mikono ameibana makwapani ili isimponyoke, akitazama randa ikipelekwa kinyume cha nyuzi za mbao.

"Mama, geuza. Unaichuna."

"Naipiga pasi."

"Haipigwi pasi, mama. Ifuate inakolala."

"Sema tu kwamba ina upande wa juu na wa chini kama mahameli. Mbona unazungukazunguka?"

Akageuza, na randa ikateleza ikatoa maranda marefu yaliyojikunja, na Bi Pindo akacheka kwa sauti kama msichana. Tangu hapo wakaelewana. Msumari alijifunza kusema kishonaji: msasa ni kupiga pasi, gundi ni kushikiza, misumari ni kushona kwenyewe. Siku ya tatu mama alipinda misumari saba mfululizo, akainyoosha yote akaitumia tena, maana hakuna mshonaji anayetupa pini. Siku ya nne alijipiga nyundo kwenye kidole gumba na kutamka neno ambalo Msumari hakujua kwamba mama analijua.

Wakati huohuo kulikuwa na saa nyingine ikigonga, nayo ilikuwa mdomoni mwa Kwanini. Jino la chini, la mbele, lilikuwa limeanza kucheza, na kasha lilipaswa kuwa tayari litakapong'oka. Kila asubuhi baba yake alimpigia Bi Pindo simu.

"Mama, jino limeinama."

"Linashika?"

"Linashika. Lakini analisukuma kwa ulimi mchana kutwa."

"Mwambie aache! Mpe uji. Asitafune kitu chochote chenye roho ngumu."

"Mama, mtoto anauliza kwa nini anakunywa uji siku tano."

"Anauliza?" Bi Pindo akafurahi. Tangu ile Jumapili ya ndoo maswali ya mtoto yalikuwa yamepungua hadi mawili matatu kwa siku, na nyumba nzima ilikuwa ikisikia ukimya huo kama bomba lililokatika maji. "Mwambie bibi yake kasema. Asipotosheka, mpe uji zaidi."

*

Siku ya kukata, Msumari hakuwepo. Alikuwa na milango ya watu ya kupachika, na alimsihi mama amsubiri hadi kesho. Mama akasema sawa. Alipotoka tu, mama akachukua mkasi.

Alikata kasha zima kwa karatasi kwanza, kama anavyokata gauni: mbele, nyuma, pande mbili, sakafu, kifuniko. Kipimo cha goti alishakipata Jumapili, alipojifanya anampima Kwanini soksi. Inchi kumi na mbili. Akaziunganisha zile karatasi kwa pini mezani, zikasimama kasha dogo zuri la magazeti, lisilo na mkunjo. Akalizunguka mara mbili akilisifu. Kisha akalifumua, akalaza karatasi juu ya mbao, akazichora kwa chaki, akashika msumeno na kumwomba Mungu.

Kukata kulimchukua kutwa nzima, na alikata vizuri. Hilo nalisema wazi kwa sababu baadaye watu walitaka kuonyesha kwamba alikata vibaya. Mistari ilikuwa imenyooka. Mkono ulioendesha mkasi miaka hamsini hauyumbi kirahisi.

Kesho yake alianza kushona, yaani kugonga misumari, Msumari akiwa kwenye kigoda chake. Mbele ikashikana na ubavu. Ubavu ukashikana na nyuma. Sakafu ikaingia ndani, lakini ilikuwa ndefu kupita nafasi, ikabidi ikatwe inchi mbili kichwani. Bi Pindo akakunja uso lakini akakata. Ikabaki kifuniko, mbao mbili za kulazwa sambamba. Akazilaza. Akazisogeza mbele, kukawa na pengo nyuma. Akazisogeza nyuma, pengo likaja mbele. Inchi mbili nzima kasha lilikuwa linamchungulia.

"Haiwezekani," akasema. "Kwenye karatasi lilifunga."

Msumari akasema taratibu, "Mama, karatasi haina unene. Ubao una inchi moja. Mbele inchi, nyuma inchi."

"Kitambaa nacho kina unene."

"Inchi nzima, mama?"

Bi Pindo akaweka nyundo chini. Mbao zilikuwa sita tu, na zote zilishakatwa. Nyingine za kununua zingekuwepo, zingejaa dukani, lakini hazingekuwa zimelala miaka saba chini ya kitanda zikimngoja mtoto. Aliangalia huku na huku pa kukaa, akaiona ndoo ya bluu, akaipindua akaikalia. Akavua miwani ya mumewe na kulia, waziwazi, bila kujificha, huku Msumari akiwa hajui aangalie wapi. Alilia kwa ajili ya kasha, na kwa kuwa alishaanza, akalia kidogo na kwa ajili ya mwenye miwani.

"Mama," Msumari akasema baada ya muda, "nguo ikipungua, nyinyi huwa mnafanyaje?"

Bi Pindo akafuta pua kwa pindo la kanga. "Tunatia kiraka. Swali gani hilo?"

"Sijui. Mimi seremala. Sisi tukipungukiwa huwa tunamlaumu mteja."

Akacheka, ingawa hakutaka. Macho yake yakatua kwenye meza ya cherehani, ilipokuwa rula yake. Ilikuwa rula ya mbao nyeupe, ndefu, pana inchi mbili kamili. Aliletewa na kijana mmoja seremala wakati yeye mwenyewe ni binti anayejifunza kushona, kwa kisingizio kwamba kapita tu na ameona ile rula yake ya dukani imevunjika ncha. Kijana yule aliichonga mwenyewe, akaitia alama kwa sindano ya moto, moja moja. Alama ya kumi na tatu ilikwenda kombo, na katika miaka yote ya ndoa alishikilia kwamba kosa halikuwa lake: siku ile alikuwa anachonga kibarazani, na fulani kapita.

Bi Pindo alipoichukua na kuilaza katika lile pengo, ikaingia kama iliyoitwa.

Msumari akaichomoa mikono makwapani. "Mama, hiyo si ndiyo ile..."

"Ndiyo ile. Rudisha mikono."

"Utapimia nini?"

"Nitapimia tepu kama watu wengine. Mtoto alitaka la babu, si ndiyo? Haya, babu huyo."

Ilikuwa nyembamba kuliko mbao za kifuniko, kwa hiyo alichukua kile kipande kilichokatwa kwenye sakafu, akakipasua kwa urefu vikawa viwili, akavikaza kwa chini kupitia mbao zote tatu, ubao na rula na ubao. Msumari alisema wapi pa kugonga na asiseme kingine. Rula ilizidi urefu, ikabidi ikatwe, na Bi Pindo alichagua upande wa kukata kwa uangalifu mkubwa ili ile ya kumi na tatu ibaki. Msumeno ulipopita alifumba macho. Halafu bawaba mbili, msasa mara tatu, mafuta kwa kitambaa cha pamba. Mstari mweupe ulipita katikati ya kifuniko cha rangi ya asali, na alama zake ndogo nyeusi, moja imekwenda kombo. Mara ya kwanza Msumari alisema lina kiraka. Mara ya pili alisema, mbona limependeza.

Simu ikalia Ijumaa saa moja asubuhi. "Mama, limetoka. Kwenye uji."

*

Jumapili sebule ilijaa. Makasha matano yalivutwa, na wenyewe wakakaa. Kasha la sita lilifunikwa shuka katikati ya chumba, na Kwanini alisimama mbele yake na mwanya wake mpya, akilambalamba tundu. Msumari naye alialikwa, na kwa mazoea alibana mikono makwapani.

Shuka likavutwa. Watu wakasema aaah, na ilikuwa aaah ya kweli. Kwanini akalizunguka. Akagusa ule mstari mweupe kwa kidole.

"Hii nini?"

"Hiyo aliitengeneza babu yako," Bi Pindo akasema, "kabla hata ya baba yako kuzaliwa. Imekungoja muda mrefu kuliko mtu yeyote humu ndani."

Mtoto akamgeukia Redio na kumtazama. Redio, kwa mara ya kwanza katika historia, akazimika.

"Kaa sasa," bibi akasema. Akapiga magoti sakafuni, magoti yakalalamika, akatoa karatasi mfukoni.

Kwanini akageuka, akaweka mikono nyuma, akajivuta juu. Alijivuta kweli. Na alipokaa vizuri, nyayo zake zikaning'inia hewani, zikiyumba.

Karatasi ya Bi Pindo ilipita chini yake bila kugusa kitu. Hata daftari lingepita. Bi Pindo akaisogeza miwani puani, akapima lile pengo kwa mkono wake, na mkono ukampa jibu kabla ya kichwa: vidole vinne.

"Pindo," akasema. Uso ulimwaka kwa aibu. "Inchi kumi na mbili za goti, nikaongeza pindo. Hata sikumbuki kuongeza. Mkono umeongeza wenyewe." Akamgeukia Msumari. "Nipe msumeno."

"Dakika tano tu, mama. Tunalipindua, tunatoa vidole vinne chini, wala haitaonekana."

"Kwa nini?" Kwanini akauliza.

Mama yake akamshika baba yake mkono. Swali lenyewe lilikuwa la kawaida, lakini lilikuja na sauti yake ya zamani, ile ya mtu asiyekubali kufukuzwa.

"Ili miguu ifike chini, mjukuu wangu. Kama wenzako."

"Kama Kaka Ngongoti?"

Wote wakamgeukia Ngongoti. Mjukuu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu wa kuinamia milango, na alikuwa amekaa juu ya kasha alilopimiwa alipokuwa na miaka sita. Magoti yalimfika masikioni kama panzi. Alikuwa amekaa hivyo kila Jumapili kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuona ajabu.

"Lako lilikutosha lini?" Kwanini akamuuliza.

Ngongoti akafikiri. "Siku ile. Na labda miezi miwili mbele."

"Kwa nini babu hakuacha pindo?"

"Babu yenu alikuwa seremala," Bi Pindo akasema. "Mapindo hakuyajua."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Ngongoti akacheka hadi akashindwa kuinuka. Kwanini hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa gauni lake, lililoshonwa na bibi, akilipapasa kwa ndani pale kitambaa kilipokunjwa. Gauni hilo alilijua. Lilifumuliwa mwaka jana na likafumuliwa tena juzijuzi, na bado lilikuwa gauni lake.

"Basi langu lisikatwe," akasema. "Nitalifikia."

"Utakaa ukining'inia?"

"Ndiyo. Lini nitalifikia?"

Bi Pindo akahesabu kwa vidole, kwa hesabu za kazi yake. "Mwaka huu nimekufumulia kidole kimoja na nusu. Ukila vizuri, miaka mitatu. Mitatu hivi."

"Na karatasi utaivuta wewe?"

Hapo hakuna aliyecheka. Kila mtu mle ndani alilijua jibu la Bi Pindo kwa maswali ya namna hiyo, walikuwa wamelisikia miaka saba. Yeye mwenyewe alilisikia likija, maneno mawili mepesi, yamekwisha fika kwenye ulimi.

Hakupewa nafasi. Kwanini aliteleza kutoka kwenye kasha, akaiokota ile karatasi sakafuni, akaikunja mara nne. Watu walidhani anaitia kashani mwake, iwe kitu cha kwanza humo. Akaitia mfukoni mwa gauni la bibi yake, akaubonyeza mfuko kwa kiganja ili isidondoke.

"Kaa nayo wewe," akamwambia. "Usimpe mtu."

Kisha akapanda tena juu ya kasha lake na kuanza kuyumbisha miguu.

Bi Pindo alibaki amepiga magoti kwa muda. Alisema vumbi la mbao limemwingia machoni, ingawa sebule ilipigwa deki asubuhi ile mara mbili. Ngongoti na Msumari wakamshika huku na huku wakamwinua, na Msumari ilibidi akumbushwe kwamba leo mikono ni ruhusa. Alipokwisha simama, mama alivua miwani ya marehemu, akaifuta, akaukunja mkono wake wenye uzi taratibu. Akalifungua kasha.

"Mwenye kasha, naomba ruhusa. Nikuwekee hii?"

"Kwa nini? Hutaona."

"Hata nikiwa nayo sioni, mjukuu wangu." Akailaza ndani, kwenye kona, akafunga kifuniko. Halafu akamwita mwanawe, ambaye alikuwa mlangoni ameshika ndoo ya bluu akiirudisha bafuni.

"Ile hospitali ya macho uliyokuwa unaniimbia, bado ipo?"

"Ipo, mama."

"Kesho unipitie mapema. Na tukitoka huko, unipeleke nikanunue viatu. Vya kudumu." Akaupapasa mfuko wake, karatasi ikalia ndani. "Nataka kuiona hii ikigoma."